Mapishi ya Idi na Kipimo cha Mama Zetu



Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu, dada zetu na mabinti zetu: Shaabani imeingia, na apitaye Marikiti siku hizi hahitaji kalenda kulijua hilo. Soko lile, lililofunguliwa mwaka 1914 na ambalo wakazi wa kisiwa hiki wangali wakilitegemea, limejaa harufu ya iliki, mdalasini na bizari, na wauza viungo hawana wasaa wa kuinua kichwa. Punde nyumba nyingi zitavunja jungu, kisha itaingia Ramadhani, kisha Idi. Mas'ala ya saumu yatapata nafasi yake katika kurasa hizi, in shaa Allah. Leo tumeona tuzungumzie jiko.

Huenda baadhi yenu mkauliza sheikh ana haja gani na jiko. Tunayo, tena nzito. Katika nyumba zetu kuna elimu inayozikwa kila tunapomzika mama mmoja, na ni wachache mno wanaoifanyia hima.

Tazameni jinsi wazee wetu walivyohesabu miezi. Mwarabu husema Shawwal, Dhul-Qaada, Dhul-Hijja. Mswahili wa pwani husema Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, akaenda hivyo hata Mfunguo Tisa, ndipo akaja kwenye Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Yaani mwaka mzima umehesabiwa tangu siku ya kufungua, siku ile ambayo chai na mahamri huliwa mchana kweupe baada ya mwezi mzima wa kujizuia. Asubuhi ya Idi ya Fitri suna ni kula tende kwa hesabu ya witri kabla ya kwenda kusali. Idi ya Mfunguo Tatu suna ni kutokula mpaka baada ya sala. Hayo ndiyo ya sheria. Mkate wa sinia, vileja, visheti, tambi za sukari, kaimati, mkate wa mayai uliopaliwa makaa juu na chini, bokoboko na biriani ya nyama ya udhia, hayo ni ya mila, nayo ni mila njema maadamu hayakuingiwa na israfu.

Na mila hiyo ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mtoto wa Kibokoni au Kuze aliyekwenda kuishi mbali, ukimuuliza juu ya Idi ya kwao, hakuanzii na khutba tuliyomsomea, wala hilo halituudhi. Huanza na harufu ya iliki alfajiri, na sahani zilizofunikwa kawa zikipita kutoka nyumba hii kwenda ile, na yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuzipeleka, na ole wake aliyerudi na sahani tupu ilhali jirani ametia kitu.

Sasa natuulizane: hayo yote yameandikwa wapi?

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alilala usiku mmoja katika kisiwa chetu akielekea Kilwa. Alihadithia kuwa watu wa Mombasa hawalimi nafaka bali huletewa kutoka pwani ya bara, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Akawasifu kwa dini yao na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa vyema. Kabla ya hapo, Mogadishu, alikuwa ameandaliwa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili, na tangawizi mbichi, na maembe. Karibu miaka 700 imepita, na tunajua walichokula wazee wetu kwa sababu ya mgeni wa usiku mmoja. Lakini ndizi za Mombasa zilipikwaje? Samaki yule alitiwa nini? Hakusema, kwa kuwa mgeni haingii jikoni. Waliokuwa wakijua ni mama waliompikia, na hao hakuna aliyewauliza.

Mawe yetu leo yana walinzi. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Vyakula navyo vimeanza kupata wenyewe. Kuskusi ya nchi za Maghrib iliandikwa na shirika hilo mwaka 2020. Mwaka 2021 juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili zikatambuliwa. Mwaka 2023 ikaandikwa harisi, iliyopelekwa kwa pamoja na Imarati, Omani na Saudia. Na harisi hiyo ni ndugu wa tumbo moja na bokoboko letu, ngano na nyama vilivyopikwa na kupondwa pamoja mpaka usiweze kutenga hiki na kile. Tunawafurahia ndugu zetu wa Ghuba. Ila bokoboko la Mombasa, lenye mkono wake na viungo vyake, halitaandikwa na mtu wa Maskati wala wa Abu Dhabi.

Yaliyotufanya tushike kalamu ni haya yafuatayo. Khala yetu, dada mkubwa wa marehemu mama yetu, amepita miaka 80. Mtaani kwetu mkate wake wa sinia ulikuwa ukijulikana kwa matundu yake: ukiukata, ubavu wake una vitundu vidogo vilivyosimama sawasawa kama sega la asali. Maishani mwake hajaandika kipimo hata kimoja. Binti yake aliyeolewa Maskati humpigia simu kila Ramadhani, na mazungumzo huwa ni yale yale.

"Mama, tui nitie kiasi gani?"

"La nazi mbili, mwanangu."

"Na mchele?"

"Vikombe viwili. Kisha utaangalia mwenyewe, kadiri uje."

Binti hufanya hivyo hivyo, na mkate wake hutoka mbichi katikati. Miaka mingi amekuwa akisema, kwa mzaha usiokuwa mzaha mtupu, kwamba mama amemficha siri.

Tangu mwaka jana khala ameanza kusahau. Huulizia watu waliokwisha tangulia mbele ya haki, na mjukuu wake humwita kwa jina la mama yetu. Siku moja aliwekewa bakuli la mchele uliorowekwa, akautazama kisha akauliza ni wa nini. Nyumba nzima ilinyamaza. Baada ya muda akatia mkono majini, akachota punje chache, akaivunja moja kwa ukucha, akasema: "Huu bado. Uacheni hata alasiri." Na kweli ulikuwa bado.

Hapo ndipo yule mjukuu, msichana wa miaka 14, alipokwenda kuleta mizani ndogo ya jikoni na daftari la shule. Hakumuuliza nyanya yake kipimo, kwa kuwa alikwisha jua jibu litakuwa "kadiri". Alimwacha apike kwa mkono wake kama alivyozoea, ila kila kitu alichochota kilipita kwanza katika kibakuli cha msichana, kikapimwa, kikaandikwa, ndipo kikarudishwa.

"Wanipima kama dukani?" khala akauliza.

"Nipe mimi kwanza, nyanya, kisha nitakurudishia."

Khala akacheka, akakubali. Walifanya hivyo mara tatu katika wiki tatu, na tofauti ya konzi moja na nyingine ilikuwa ndogo kiasi cha kutushangaza. Na siri iliyokuwa ikitafutwa Maskati ilipatikana siku ya kwanza. Kikombe cha khala ni kile cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, ambacho alikikuta nyumbani alipoolewa. Msichana alikijaza maji akayapima: mililita 300. Kikombe cha kupimia kinachouzwa madukani ni 250. Kwa hivyo binti wa Maskati, kwa vikombe vyake viwili, alikuwa akitia mchele pungufu kwa tui lile lile la nazi mbili, uji ukawa mwepesi, na mkate ukakosa kushika. Hapakuwa na siri. Palikuwa na kikombe.

Jambo hili lilitukumbusha kisa tulichokisoma madrasa, katika mlango wa zakatul-fitri. Wanachuoni wa Iraki walikuwa wakiihesabu pishi ya zaka, yaani saa', kuwa ni ratili 8. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 182 Hijria, alifika Madina akauliza juu ya pishi yao na dalili yao. Wakamwambia angoje kesho. Kulipokucha wakaja kiasi cha wazee 50, wana wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja amebeba chini ya nguo yake chombo cha kupimia cha nyumbani kwao, na kila mmoja akisimulia kutoka kwa baba yake na watu wa nyumba yake kwamba hiki ndicho kipimo cha zama za Mtume (s.a.w.). Abu Yusuf akavitazama, vyote vikawa sawa. Akapima, akapata ratili 5 na thuluthi, akaiacha kauli ya mwalimu wake. Hiyo ndiyo kauli ya madhehebu yetu ya Imam Shafi, na ndiyo tutakayoitumia mwisho wa Ramadhani hii tutakapotoa fitri zetu.

Tulipokuwa vijana tulikisoma kisa hiki kama mas'ala ya vipimo tu. Siku hizi hutujia picha ya vyombo vyenyewe. Vile havikuwa vyombo vya msikitini wala vya hazina ya khalifa. Vilikuwa vyombo vya kupimia tende na shayiri, vya nyumbani. Nyumba 50 zilivitunza kizazi baada ya kizazi, na siku umma ulipohitaji ushahidi, ushahidi ukatoka stoo ya chakula. Hatufananishi mapishi na dini, Allah atuepushe. Tunasema tu kuwa kikombe cha bati cha khala si kitu cha kutupwa nyumba inapohamishwa.

Na katika hadithi za Mtume (s.a.w.) pia, kuhifadhi kwa kifua hakukuwafanya watu wadharau kalamu. Khalifa Umar bin Abdulaziz alipoagiza hadithi zikusanywe na kuandikwa, sababu aliyoitoa ilikuwa ni kuchelea elimu isipotee kwa kuondoka wenye kuijua. Wapishi wetu nao wanaondoka.

Hapa tuna neno na wanaume, na watuvumilie. Katika nyumba nyingi, mama hukaa jikoni tangu adhuhuri mpaka adhana ya magharibi, na anapoketi kufuturu maji yamekwisha kupoa na sambusa zimekwisha kukosolewa. Kisha huja kumi la mwisho, usiku wa cheo unatafutwa, waume na wavulana wako msikitini, na yeye yuko kwenye vileja vya Idi. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa mwenendo wa Mtume nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akishughulikia kazi za ahali yake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Wanaume wa mji huu si wageni wa moto. Masufuria makubwa ya biriani za arusi wao ndio huyapika na kujifaharisha nayo. Basi mvulana wa miaka 12 akiketi juu ya mbuzi akakuna nazi mbili, au akakama tui, hajapunguza kitu katika uanaume wake, na amemkomboa mama yake nusu saa ya Kurani.

Vileja na visheti, vikihifadhiwa katika mkebe usioingia hewa, hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Hakuna ulazima vingoje tarehe 27 Ramadhani. Vipikwe sasa, Shaabani, wakati mchana una wasaa na anayefundishwa anaweza kuonja sukari imefika wapi. Mwezi wenyewe, mpishi aliyefunga huweza kuonja ncha ya ulimi akatema ikiwa pana haja. Lakini mwanafunzi aliyefunga, ambaye bado hajui anachokionja, atajifunza nini?

Wako watakaotuambia: siku hizi vyote vinauzwa. Ni kweli, na hatulaumu. Alasiri za Ramadhani meza hupangwa mitaani kwa viazi karai, bhajia, kaimati na mikate ya sinia, na wauzaji wengi ni mama wanaosomesha watoto kwa meza hiyo. Kununua kwao ni kheri, na asiyekuwa na nguvu ya kupika asijitie mashaka. Tumepata hata kuulizwa na mama mmoja kama ana dhambi kwa kukataa kuwafundisha wenzake kaimati zake, kwa kuwa ndizo riziki yake. Tulimjibu kuwa hana. Kuficha elimu kulikokemewa si huku. Mwenye biashara ana haki ya kulinda kipimo chake. Ila tulimshauri amteue mmoja, binti au mkaza mwana, amfundishe yote bila kubakisha, na asingoje maradhi. Aliyekuwa na kaimati nzuri kuliko wote mtaani tulipokuwa wadogo alifariki bila ya kufanya hivyo, Allah amrehemu, na mpaka leo watu wakizila za mtu mwingine humtaja yeye. Kumtaja wanamtaja, kupika kama yeye hakuna awezaye.

Basi kazi ni nyepesi. Mtafuteni mpishi mkongwe wa nyumba yenu wiki hii, si wiki ijayo. Msimhoji, mkaeni naye jikoni apike. Pimeni chombo chake kabla ya kupima chakula chake. Andikeni kwa gramu na mililita, kisha kando yake yaandikeni maneno yake kama alivyoyasema, maana "mpaka uji ukuteleze mwikoni" nayo ni elimu ambayo mizani haina. Andikeni jina lake na jina la aliyemfundisha, na aliyemfundisha huyo akijulikana. Daftari la yule msichana lina majina manne juu ya ukurasa wa mkate wa sinia, na la nne ni la bibi aliyezaliwa wakati ambapo Marikiti haijajengwa. Na ikiwa nyumba ina mtu aliyeanza kusahau, msimkatae jikoni kwa kuhofia moto. Simameni karibu naye.

Kwa idhini ya khala na wanawe, tunaunakili hapa ukurasa ule.

Mchele wa basmati, vikombe viwili vya khala, ambavyo ni gramu 480 hivi, uoshwe na kurowekwa usiku kucha au tangu asubuhi hata alasiri, mpaka punje ivunjike kwa ukucha. Uchujwe maji vizuri. Tui zito la nazi mbili, mililita 500. Tui la kopo lafaa kwa aliye mbali, ila lisiwe jepesi. Visagwe pamoja katika blenda mpaka pasibaki chenga, pamoja na iliki iliyopondwa kijiko kimoja cha chai, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, na ute wa yai moja. Ufunikwe mahali penye joto kiasi cha saa moja, mpaka uumuke na uso wake ujae mapovu. Hapo ndipo itiwe sukari, gramu 200, na chumvi ya vidole vitatu, ukorogwe taratibu bila ya kuupiga. Sufuria mbili za upana wa inchi 9 zipakwe samli na zitiwe moto kwanza, kwa kuwa uji ukimiminwa katika sufuria baridi mkate hunata. Moto wa chini uwe mdogo. Ukiona matundu yamefunguka juu na kingo zimeshika, upaliwe makaa juu ya kifuniko, au uingizwe katika oveni chini ya moto wa juu, mpaka uwe na rangi ya dhahabu. Usikatwe ungali moto.

Khala mdogo alipousoma ukurasa huo alisema sukari hutiwa mwanzo, wakati wa kusaga, na kwamba ndivyo nyanya yetu alivyokuwa akifanya. Khala mkubwa akasema la, nyanya alikuwa akiitia mwisho. Walibishana mpaka adhana ya alasiri. Msichana ameziandika zote mbili, kila moja chini ya jina la mwenyewe.